Umeme wa Gari Kuukuu Lenye Turbo: Pima Kwanza, Nunua Spea Baadaye



Somo hili linamhusu mtu anayemiliki gari lililotumika, lenye injini ya petroli na turbo, ambalo limeanza kusumbua kwa upande wa umeme. Magari ya namna hii ni mengi katika barabara zetu, na sehemu kubwa yaliletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko kwa miaka kadhaa. Yana nguvu na yanapendwa. Hata hivyo, umeme wake unapoanza kuyumba, mwenye gari hujikuta akinunua kifaa kimoja baada ya kingine huku tatizo likibaki pale pale.

Tuanze na mfano. Mama mmoja ana gari la miaka kumi na minane. Asubuhi stata inazunguka kwa uchovu, na usiku taa zinafifia kila anapowasha kiyoyozi. Fundi wa kwanza anamwambia betri imekufa, naye ananunua mpya. Baada ya wiki tatu tatizo linarejea. Fundi wa pili anasema ni alteneta, naye ananunua ya mtumba. Mwezi hauishi, gari linazimika njiani saa mbili usiku akiwa na watoto. Fundi wa tatu anataka kubadilisha kompyuta ya injini, ambayo bei yake inazidi jumla ya vitu vyote alivyokwisha kununua. Katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeshika mita ya umeme na kupima. Tutarudi kwa mama huyu baadaye, kwa kuwa kosa la gari lake linaonekana kwa vipimo vinne tu.

Lengo la somo si kukufanya fundi. Lengo ni kwamba ukimaliza kusoma uweze kufanya vipimo vya awali wewe mwenyewe au kuomba vifanywe mbele yako, uelewe majibu yake, na ukatae kulipia kitu ambacho hakijathibitishwa kuwa kibovu.

1. Kwa nini turbo huongeza matatizo ya umeme

Turbo ni pangaboi linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini ili lisukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Injini inapofanya kazi nzito, moshi huo huweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi. Joto hilo huathiri kila kitu kilicho karibu. Plastiki inayofunika nyaya hukauka, ikawa ngumu na kupasuka. Soketi za sensa hukatika vishikizo vyake. Mpira wa paipu za hewa hupoteza unyumbufu.

Tazama mfano wa Subaru Forester na Impreza zenye turbo na injini ya lita 2.0 ya kizazi cha EJ. Turbo yake iko nyuma ya injini upande wa kulia, na juu ya injini kuna kipozeo cha hewa kinachofunika nyaya nyingi zisionekane. Mtu anayefungua boneti na kutazama kwa juu juu hataona waya uliopasuka chini yake.

Joto huzidi pia mara tu baada ya kuzima injini, kwa kuwa hewa ya kupoza imesimama. Ndiyo sababu gari lenye sensa au waya uliochoka huweza kuwaka vizuri asubuhi, kisha likagoma kuwaka baada ya kusimama dakika kumi kwenye kituo cha mafuta. Dalili hiyo iandike: ni habari muhimu kwa fundi.

2. Mambo ya usalama kabla ya kugusa chochote

Kwanza, acha injini ipoe. Turbo na bomba lake la moshi huunguza ngozi hata muda mrefu baada ya gari kuzimwa.

Pili, vua pete, saa na bangili za chuma. Chuma kikigusa kichwa chanya cha betri na bodi ya gari kwa wakati mmoja, umeme hupiga shoti na chuma hicho huwa moto ghafla. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri, kwani hutoa gesi inayolipuka.

Tatu, unapofungua betri, anza na kichwa hasi. Unapoifunga, maliza na kichwa hasi.

Nne, usikubali kamwe betri ifunguliwe injini ikiwa inaunguruma. Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa njia hiyo: gari likiendelea kuunguruma, husema alteneta ni nzima. Njia hii ilitumika zamani kwa magari yasiyo na kompyuta, nayo haikuwa salama hata wakati huo. Betri huzuia volti zisiruke. Ikiondolewa ghafla, volti huweza kupanda kwa kishindo na kuunguza kompyuta ya injini, redio na alteneta yenyewe. Kipimo cha dakika moja huzaa hasara ya mamilioni.

Tano, usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, wala usiunge waya mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe waya usalie. Fyuzi ya ampea 10 huwa nyekundu, ya 15 buluu, ya 20 njano na ya 30 kijani. Ukikuta ya kijani mahali pa nyekundu, ujue aliyekutangulia alificha kosa badala ya kulirekebisha, na kwamba gari hilo linaweza kushika moto.

3. Vipimo vya betri

Nunua au azima mita ya umeme ya kawaida. Iweke kwenye volti za umeme wa betri, kipimo cha 20. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, gusisha ncha nyekundu kwenye kichwa chanya na nyeusi kwenye kichwa hasi.

Volti 12.6 au zaidi kidogo: betri imejaa.
Volti 12.4: imebaki takriban robo tatu.
Volti 12.2: imebaki takriban nusu.
Chini ya volti 12.0: imekwisha au inakaribia kwisha.

Kisha mwombe mtu awashe gari huku wewe ukitazama mita. Wakati stata inazunguka, volti hushuka, lakini zisishuke chini ya 9.6. Ikiwa betri ilikuwa na 12.6 kabla ya kuwasha, kisha ikaanguka hadi 8 stata ilipoanza kuzunguka, betri yenyewe imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Ikiwa volti zimebaki juu ya 11 na bado stata inazunguka kwa uchovu, basi betri haina kosa: umeme unakwama njiani, kwenye nyaya au vichwa, au stata yenyewe ina hitilafu.

Angalia pia vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani ni kutu, nayo huzuia umeme. Usafishe kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kisha kaza. Kichwa kinachozungushwa kwa mkono hakijakazwa.

4. Vipimo vya alteneta na nyaya za ethi

Injini ikiwa inaunguruma, pima tena kwenye vichwa vya betri. Volti zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi, kisha upandishe mwendo wa injini kidogo. Zikishuka chini ya 13.3 na kubaki hapo, kuna hitilafu katika kuchaji. Zikizidi 15, kirekebishaji cha alteneta kimeharibika. Usiendelee kuendesha gari hilo, kwa kuwa volti nyingi huua betri na kompyuta.

Lakini volti chache kwenye betri si ushahidi tosha kwamba alteneta ni mbovu. Umeme huhitaji njia mbili: njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia ya kurudi ni waya mnene wa ethi unaounganisha injini, bodi na kichwa hasi cha betri. Waya huo ukishika kutu, alteneta huzalisha umeme wa kutosha usiofika kwenye betri.

Sasa turudi kwa gari la mama yetu. Injini inaunguruma, taa na kiyoyozi vimewashwa. Fundi anapima mara nne:

Kwanza, kwenye alteneta yenyewe, kati ya nguzo ya kutolea umeme na bodi ya alteneta: volti 14.3.
Pili, kwenye vichwa vya betri: volti 13.1.
Tatu, kati ya nguzo ya alteneta na kichwa chanya cha betri: volti 0.1.
Nne, kati ya bodi ya injini na kichwa hasi cha betri: volti 1.1.

Jumlisha: 13.1 na 0.1 na 1.1 ni 14.3. Hesabu imekamilika, na kosa limejulikana. Alteneta inazalisha vizuri. Njia chanya ni safi. Volti 1.1 zinapotea kwenye waya wa ethi, mahali ambapo kwa kawaida zisingepotea zaidi ya 0.2. Waya unafunguliwa, unakutwa umeliwa na kutu chini ya boliti, unabadilishwa kwa gharama ndogo, na betri inaanza kupata volti 14.1. Alteneta ya mtumba haikuhitajika. Betri mpya haikuhitajika. Kompyuta ya injini haikuhitajika.

5. Betri inayokwisha usiku

Ikiwa betri ni nzima na alteneta inachaji, lakini gari likilala siku mbili haliwaki, kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Saa, alamu na kumbukumbu ya kompyuta hutumia kiasi kidogo, kwa kawaida kisichozidi miliampea 50. Kinachozidi hapo ni wizi.

Ili kupima, zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, na uache boneti wazi. Ikiwa chini ya boneti kuna taa, itoe. Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10 na kuhamisha waya mwekundu kwenye tundu lake la ampea 10. Fungua kichwa hasi cha betri, kisha uweke mita kati ya kichwa hicho na waya wake. Subiri dakika 20 hadi 30, kwa kuwa baadhi ya vifaa huchelewa kulala. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, kwani itaungua.

Mita ikisoma 0.3, yaani miliampea 300, piga hesabu: betri ya ampea-saa 60 ikigawanywa kwa 0.3 ni saa 200, takriban siku nane hadi ikauke kabisa. Lakini gari litaanza kugoma mapema zaidi, pengine siku ya nne. Mita ikisoma ampea 1, hali hiyo itakuja kwa siku moja na nusu.

Sasa toa fyuzi moja, tazama mita, irudishe, kisha toa inayofuata. Fyuzi ambayo ikitolewa kipimo kinashuka hadi chini ya 0.05 ndiyo inayolisha mwizi wako. Kifuniko cha boksi kitakuambia inahudumia nini. Ikiwa hakuna fyuzi inayobadilisha kipimo, mshukiwe alteneta, ambayo dayodi zake zikiharibika huvujisha umeme, au kifaa kilichoungwa moja kwa moja kwenye betri.

6. Vifaa vilivyoongezwa baadaye

Magari ya turbo yana tatizo moja la pekee. Wamiliki wengi wa awali walipenda kufunga vifaa vya ziada: geji za msukumo wa hewa, redio kubwa, na hasa turbo taima. Turbo taima huiacha injini ikiunguruma dakika chache baada ya ufunguo kutolewa, ili turbo ipoe. Ili ifanye kazi, huungwa kwenye nyaya za swichi ya kuwashia. Baadaye, gari likiwa hapa kwetu, huongezwa alamu, kifaa cha kufuatilia gari na swichi ya siri ya kukata umeme.

Kila kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu ni mahali pa kosa la kesho. Gari linalozimika ghafla na kuwaka tena lenyewe, bila mpangilio, mara nyingi huwa na kiungo kilicholegea kwenye nyaya za swichi chini ya usukani. Mwombe fundi afungue kifuniko hicho kabla hajashuku kompyuta. Kifaa usichokitumia kiondolewe, na nyaya za asili ziunganishwe kwa risasi na kufunikwa vizuri.

7. Gari linalokosa nguvu likipanda mlima

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi. Gari linatulia likiwa limesimama, linakwenda vizuri mjini, lakini ukikanyaga mafuta mlimani linakatakata. Sababu za kawaida ni mbili, na moja tu ndiyo ya umeme.

Ya kwanza ni cheche dhaifu. Turbo inapojaza hewa silinda, msongamano huongezeka, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke kwenye plagi. Koili iliyochoka humudu kazi nyepesi na kushindwa kazi nzito. Anza na plagi: ziwe za aina na mwanya uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kisha, ikiwa kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya silinda inayolalamikiwa uiweke kwenye silinda nyingine. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, nawe utanunua moja badala ya nne. Kosa likibaki, chunguza plagi, soketi na waya wa silinda ile.

Ya pili ni paipu iliyopasuka kati ya turbo na injini. Sensa ya hewa imehesabu hewa iliyoingia, kompyuta imetoa mafuta ya kutosha, lakini sehemu ya hewa inavujia njiani. Gari hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Kwa fundi mwenye haraka, huo ni ubovu wa sensa. Ukisikia mluzi au mfoko wa upepo unapokanyaga mafuta, paipu na bendi zake zikaguliwe kwanza.

8. Mashine ya kusomea hitilafu inasema nini

Mashine hutoa misimbo, nayo si hukumu. Msimbo P0301 unasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Hausemi kama kosa ni koili, plagi, mafuta au waya. P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Hausemi nunua sensa. P0562 unasema volti za mfumo ni chache, na sasa wajua kwamba waya wa ethi peke yake waweza kusababisha hayo.

Fahamu pia kwamba magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayakufuata mfumo wa pamoja wa kusomea misimbo, hivyo mashine ya kawaida huweza kushindwa kuzungumza na gari lako. Hilo halimaanishi kwamba kompyuta ya gari imekufa.

Omba misimbo iandikwe, ifutwe, kisha gari liendeshwe. Ule unaorudi ndio wa kufuatilia.

9. Mbele ya fundi na mbele ya muuza spea

Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hachukizwi na swali. Muulize: umepima nini, mita ilisoma ngapi, na ilipaswa kusoma ngapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu bado anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha zako.

Patana bei ya kupima mbali na bei ya kutengeneza, na iandikwe. Omba urudishiwe kifaa cha zamani. Dai risiti ya EFD kwa spea na kwa kazi, na iandikwe muda wa dhamana, ikiwa upo. Kwa spea za mtumba, omba zipimwe kabla ya kuondoka dukani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyekuuzia kifaa bandia kwa jina la halisi amekupotosha. Rudi kwake kwanza ukiwa na risiti na maandishi. Akikataa, peleka malalamiko yako kwenye Tume ya Ushindani. Malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha. Yenye vipimo vilivyoandikwa na tarehe yana uzito.

Zoezi la kujipima

1. Betri ina volti 12.6 asubuhi. Wakati stata inazunguka kwa uchovu, inasoma 11.4. Je, ununue betri? Eleza.

2. Gari lina volti 13.0 kwenye betri na 14.4 kwenye alteneta. Ni kipimo gani kitakachofuata kabla ya kununua chochote?

3. Fundi anataka kufungua kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Utamwambia nini, na utampa sababu gani?

4. Fyuzi ya ampea 10 imeungua mara tatu kwa wiki moja. Kwa nini kuweka ya ampea 30 si suluhisho?

Majibu: (1) La, betri imeshikilia volti zake, hivyo kagua vichwa, nyaya na stata. (2) Kupima volti zinazopotea kwenye njia chanya na kwenye njia ya ethi. (3) Mkataze, volti huweza kuruka na kuunguza kompyuta, na mita hutoa jibu bila hatari hiyo. (4) Shoti ingali ipo. Fyuzi kubwa itaacha waya uungue badala yake.

Andika vipimo vyako kwenye daftari dogo na ulihifadhi ndani ya gari. Siku gari litakaposimama usiku barabarani, daftari hilo litamwonyesha fundi pa kuanzia.